Kutembea Karura Hadi Maporomokoni Bila Haraka

Fika msitu wa Karura, Nairobi, kwenye lango la Limuru Road saa moja asubuhi, kabla baiskeli hazijawa nyingi. Pesa taslimu hazipokelewi, kwa hiyo simu iwe na chaji na salio. Beba maji lita moja kwa kila mtu, kwenye chupa ya kudumu: tangu Juni 2020, chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi.

Njiapanda zina nambari. Ipige picha ramani ya langoni, ufuate nambari hadi mapango ya Mau Mau na maporomoko ya maji. Ukifuata tu watu walio mbele, utatokea lango lingine.

Kinachoharibu matembezi hasa ni viatu. Udongo mwekundu ukilowa hushika soli tabaka juu ya tabaka hadi mguu unakuwa mzito kama umefungwa tofali, kisha huteleza kama sabuni kwenye mteremko wa mtoni. Vaa raba zenye meno, ushuke kiubavu kwa hatua fupi, wayo mzima ukigusa chini.

Ndizi zikae ndani ya begi lenye zipu, kima huzinyakua. Msitu huu mwanamazingira Wangari Maathai aliupigania hadi akapigwa, mwaka 1999. Hata ganda rudi nalo nyumbani.