Somo: Rangi ya onyo huanzaje? Jaribio la vifaranga na unga

Kila mwalimu wa baiolojia hapa Moshi ana jibu la haraka: kiwavi mchungu ana rangi kali ili ndege amkumbuke. Ni jibu zuri. Mwanabaiolojia Wallace alimpa Darwin jibu hilo mwaka 1867. Ila linaruka swali gumu, la yule kiwavi mwekundu wa kwanza. Yuko peke yake kati ya ndugu wa rangi ya majani, anaonekana upesi kuliko wote, na hakuna ndege aliyekwisha jifunza kumwogopa. Anadonolewa. Sasa wa pili atatoka wapi?

Mahitaji: unga wa ngano, rangi nyekundu ya keki, maji ya shubiri kidogo (wafugaji wengi huwapa kuku kama dawa), trei ya pumba, na vifaranga wa kienyeji.

Hatua ya 1. Kanda unga wote kwa maji ya shubiri, kata vipande vidogo kama punje za mtama. Vyote viwe vichungu! Ukifanya vyekundu vichungu na vingine vitamu, utakuwa umepima kumbukumbu ya kifaranga, si mageuzi. Sisi tunadhani sumu ilikwishakuwepo, kilichobadilika ni rangi tu.

Hatua ya 2. Viringisha vipande 36 kwenye pumba mpaka visionekane kwa urahisi. Vingine 4 vitie rangi. Tawanya vyote kwenye trei, mwachie kifaranga dakika 5.

Hatua ya 3. Hesabu vilivyobaki. Kilichodonolewa kikatemwa kihesabiwe kuwa hai. Vipepeo wengi wenye sumu wana mwili mgumu na hupona wakionjwa.

Hatua ya 4. Vilivyobaki "vizaliane": rudisha idadi hadi 40 kwa uwiano uleule wa rangi. Rudia mizunguko mitano kwa kifaranga yuleyule, ukiandika idadi ya vyekundu kila mara.

Hatua ya 5. Chukua kifaranga mpya, anza upya, lakini safari hii vyekundu 4 vikae kona moja. Hili ni wazo la Fisher, mwanasayansi wa mageuzi, la mwaka 1930: viwavi ndugu wakiishi pamoja, mmoja akifa, ndege aliyeungua ulimi anawaacha walio jirani, nao wana jeni zilezile. Linganisha na mzunguko wa kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Wangu hawakugusa vyekundu hata mara ya kwanza. Nimeharibu?
Marahaba. Hujaharibu kitu. Ndege wengi hukwepa chakula cha sura ngeni, na woga huo pia humpa wa kwanza nafasi ya kuishi. Rudia kwa bluu. Wakiikwepa nayo, basi ni ugeni. Wakiila, nyekundu ina jambo lake.

Mwalimu, kwa nini kicheche ni mweusi na mweupe, si mwekundu?
Anatembea usiku. Wanyama wengi wala nyama hawaoni nyekundu vizuri hata mchana, ila mistari myeupe kwenye weusi wanaiona gizani. Rangi ya onyo hufuata macho ya adui.

Nasikia kuna vipepeo waongo?
Wapo. Danaus chrysippus, yule wa rangi ya chungwa, hupata sumu kwa majani ya mimea yenye utomvu mweupe anayokula akiwa kiwavi. Jike la Hypolimnas misippus humwiga bila kuwa na sumu hiyo. Waongo wakizidi, ndege hugundua kuwa chungwa si lazima iwe chungu, na wote wawili huumia.

Hakuna njia ya kukwepa hatari ya yule wa kwanza?
Ipo, nami naipenda kuliko zote. Vyura kadhaa wana mgongo wa kujificha na tumbo la rangi kali, hulionyesha wakishambuliwa tu. Uchambuzi wa mwaka 2023 wa amfibia (vyura na jamaa zao) ulionyesha kuwa mara nyingi rangi ya onyo ya wazi ilipitia hatua hiyo ya kufichwa. Kwa vifaranga: tia kila kipande nyekundu upande mmoja, ukilaze chini. Ukipata matokeo, tuletee.