Namna ya Kuanza Kuisoma Fasihi ya Wamarekani Weusi Ukiwa Mwanza

Anayetaka kuisoma fasihi hii asianze na riwaya nene, bali aanze na shairi fupi la Langston Hughes kuhusu mito, lililochapishwa mwaka 1921. Msemaji wake anautaja Frati, Kongo, Naili na Mississippi, na Naili hiyo hutoka katika ziwa hili hili tunalovua sangara. Lisome kwa sauti mara tatu kabla ya kufungua kamusi, nawe utasikia kauli moja ikirudi kama kiitikio. Aliyewahi kusikia bugobogobo ya wakulima wa Kisukuma, mmoja akianzisha na wengine wakipokea huku majembe yakishuka pamoja, hatashangaa kusikia kwamba nyimbo nyingi za kidini za watumwa wa Marekani zilikuwa na muundo huo. Mwandishi na msomi Mweusi wa Marekani, W. E. B. Du Bois, alizithamini mno, hata katika kitabu chake cha mwaka 1903 akatanguliza noti za nyimbo hizo mwanzoni mwa sura.

Kisha ingia katika maisha ya Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka, aliyoyaandika mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1845. Usiiruke dibaji, kwa kuwa imeandikwa na mzungu mpinga utumwa, William Lloyd Garrison, anayewahakikishia wasomaji kwamba mambo haya ni ya kweli. Jiulize kwa nini mtu anayesimulia maisha yake alihitaji kutolewa ushahidi. Baadaye tua pale bwana wake wa Baltimore anapomkataza mkewe kumfundisha kusoma, na kijana anaanza kuwapa watoto wa kizungu wa mtaani mkate ili wamfundishe. Andika kwenye daftari nani anazuia, nani anatoa na kwa bei gani, halafu uyapeleke maswali hayo kwenye kitabu cha Harriet Jacobs (1861), mwanamke aliyetoroka utumwa na kujificha karibu miaka saba chini ya paa la nyumba ya bibi yake.

Vitabu hivi vitatu, cha Du Bois, cha Douglass na cha Jacobs, havina tena hakimiliki, hivyo unaweza kuvipakua bure kwenye simu. Riwaya ya Zora Neale Hurston ya mwaka 1937 ni ngumu zaidi, maana mazungumzo yameandikwa yanavyotamkwa Florida. Mimi nilihangaika nayo na kamusi wiki nzima, hadi nilipoanza kuyasoma kwa sauti, na maneno niliyodhani ni mageni yakageuka kuwa Kiingereza kile kile cha darasani.