SOMO: Kubuni reli yako ya modeli bila kuonekana ya uongo

Wakuu, nimechoka. Swali ni lilelile, linabadilisha nguo tu: "Lazima ninakili reli iliyopo, au naruhusiwa kubuni yangu?" Ukijibu unaruhusiwa, anatokea mhesabu ribiti, yule mpenda usahihi anayekagua hadi misumari ya modeli, kukuambia kichwa cha treni cha aina ile hakikuwahi kuvuta mabehewa ya aina hii. Ukijibu nakili, anatokea mwingine na ile kanuni ya kwanza: reli ni yangu, nafanya nitakavyo. Naandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

Msimamo wangu nautoa mapema, usije ukasoma hadi mwisho ukitafuta mshindi. Hakuna aliyewahi kujenga reli ya modeli isiyo na uongo ndani yake. Kilomita moja ya reli kwa kipimo cha HO, yaani 1:87, inataka mita 11.5 za chumba. Kona ya njia kuu yenye nusukipenyo cha mita 300 inataka karibu mita 3.5. Wengi wetu tunazungusha treni kwenye sentimita 45 hadi 60. Sentimita 60 ni mita 52 za ukweli, kona ambayo kichwa kikubwa cha njia kuu kisingethubutu kuingia. Kwa hiyo hata huyo mhesabu ribiti ni mwongo mwenzetu. La kuamua ni wapi utadanganya, na wapi hutadanganya hata ukishikiwa panga.

Hatua ya 1. Chagua kipimo kulingana na nafasi: HO, N (1:160), TT (1:120), chochote. Endelea.

Hatua ya 2. Chagua mwaka. Nimesema mwaka, sikusema "zamani za mvuke".

Hatua ya 3. Andika kwa nini reli yako ipo. Nani anapeleka nini, kutoka wapi, kwenda kwa nani? Allen McClelland wa Marekani alibuni reli nzima, Virginian & Ohio. Haikuwahi kuwepo duniani, lakini ilibeba makaa ya mawe kupitia milima ya Appalachia, na ilipakana na reli halisi za eneo hilo na kukabidhiana nazo mabehewa. Watu waliiamini kwa sababu makaa yalikuwa na mgodi yalikotoka na mnunuzi yalikokwenda. Hapa ndipo wanaosema kubuni ni njia ya mkato wanapojikwaa. Anayenakili ana picha na ramani za kumwongoza. Anayebuni lazima aijue biashara ya makaa vizuri, kwani hana pa kuchungulia.

Hatua ya 4. Andika orodha fupi ya yasiyoguswa: mambo ambayo hutayadanganya kamwe. Yangu ni mwendo, mwinuko, na umri wa kila kitu kinachoonekana. Mwendo ndio rahisi kuupata na ndio unaopuuzwa zaidi. Treni ya mizigo ya kilomita 40 kwa saa, kwa HO, inasogea sentimita 13 hivi kwa sekunde. Weka vipande viwili vya utepe kando ya reli, mita moja kati yake, ushike saa. Ichukue karibu sekunde 8. Nimeona reli zenye mabehewa sahihi hadi alama ya mwisho, zikikimbizwa kama mtoto anayefukuzwa na nyuki. Hapo usahihi wote ni kazi bure.

Hatua ya 5. Kupunguza stesheni. Hapa tulia, maana hapa ndipo kazi huharibika, na huharibika baada ya gundi kukauka.

Stesheni halisi haitaenea, lazima ukate. Kanuni ni kupunguza idadi, si ukubwa. Ghala la mita 120 lingekuwa mita 1.4 kwa HO. Lifanye sentimita 50, lakini milango ibaki na kimo chake, madirisha yabaki na upana wake. Yapungue tu kwa hesabu. Ukibana mlango, jicho linajua hata kama mdomo hauwezi kueleza.

TAHADHARI ya kwanza: njia ya kupishana, yaani njia ya pembeni ambapo treni moja husubiri nyingine ipite. Watu huchora jengo, kijiji, kanisa, mto, kisha njia ya kupishana inapewa makombo. Anza nayo. Hebu tupige hesabu. Behewa la mizigo la Marekani la futi 40 ni sentimita 15 hivi pamoja na viunganisho. Kichwa kiwe sentimita 25. Kichwa, mabehewa 6 na behewa la mlinzi la mkiani ni kama mita 1.3. Unadhani njia ya mita 1.3 inatosha? Hapana. Kila swichi ya reli, pale njia inapogawanyika, ina eneo ambalo treni ikisimama hapo itakwanguliwa na ile ya njia jirani. Kwa swichi ya namba 6, ambayo njia zake hutengana kipimo kimoja kwa kila vipimo 6 vya urefu, hiyo ni zaidi ya sentimita 30 kila upande. Treni ya mita 1.3 inataka karibu mita 2, ncha hadi ncha. Usiamini rula kwenye karatasi. Weka swichi mezani bila kuzigundisha, simamisha mabehewa kwenye njia zote mbili, yasogeze taratibu hadi pembe zigusane, rudi nyuma kidogo, piga alama ya penseli. Alama hiyo ndiyo urefu wako wa kweli. Kilichobaki upande wa pili ni pambo.

TAHADHARI ya pili: usipunguze njia zote kwa uwiano mmoja. Njia ya kiwanda inaweza kubaki na nafasi ya mabehewa mawili na kiwanda kikafanya kazi. Njia ya kupishana ikiwa fupi kuliko treni, ratiba yote imekufa.

TAHADHARI ya tatu: mabehewa ya abiria. Yale ya Ulaya ya mita 26.4 yanapaswa kuwa sentimita 30.3 kwa HO. Yapo yanayouzwa yakiwa 28.2, na mengine 26.4, ili yapite kwenye kona kali. Sina ugomvi nayo. Chagua urefu mmoja tu kwa treni moja. Ukiyachanganya, hata mgeni asiyejua reli atakuuliza kwa nini moja ni fupi.

Hatua ya 6. Rangi na namba. Reli ya kubuni iwe na rangi moja ya nyumbani, na namba zenye mantiki: vichwa vya kupanga mabehewa vianze na tarakimu moja, vya njia kuu nyingine. Asiyejua mantiki yako ataihisi.

Hatua ya 7. Mandhari. Mto ulikuwepo kabla ya reli, kwa hiyo reli ndiyo inayokwepa mto. Miti danganya tu. Mti wa mita 20 ni sentimita 23 kwa HO, na ukiipanda kwa kimo hicho inameza treni. Wengi tunaipanda nusu yake, hakuna anayelalamika.

Hatua ya 8. Chafua. Vumbi huanzia chini kwenda juu, masizi huanzia juu kwenda chini.

Hatua ya 9. Endesha treni za kutosha kabla ya kumwaga kokoto. Baada ya kokoto hakuna kurudi.

Maswali chini.

---

Behewa la Mwisho: Mkuu nimepitia haraka haraka. Kwa hiyo jibu ni kubuni au kunakili?

Mwandishi: Pitia polepole.

Taruma: Ahsante kwa somo. Reli zangu zinaonekana nene kwenye picha hata baada ya kuzipaka rangi ya kutu. Ni rangi, ni kamera, au ni macho yangu?

Mwandishi: Macho yako ni mazima. Ni kimo. Reli iitwayo kodi 100 ina kimo cha inchi 0.100, yaani milimita 2.54. Zidisha kwa 87 unapata sentimita 22, wakati reli nzito kabisa za njia kuu ni kama sentimita 20. Kodi 83 inakupa 18, hiyo inakaa vizuri kwa njia kuu. Kodi 70 inakupa 15 au 16, nzuri kwa njia za kando. Ukizitumia zote mbili umepata kitu ambacho wengi hawakifikirii: njia kuu inakuwa juu kidogo, ya kando chini kidogo, kama ilivyo kweli, na hujaongeza chochote. Kabla ya kununua, jaribu magurudumu yako ya zamani. Yenye ukingo mrefu hugonga vichwa vya misumari ya reli fupi, utasikia mlio wa tik-tik-tik. Rangi paka ubavuni tu, juu pafute pang'ae.

Taruma: Nimepata. Kumbe kodi 100 si uzembe wangu.

Mwandishi: Si uzembe. Na kama iko ndani ya handaki, iache hukohuko.

Fundi Gundi: Wewe unahubiri sana orodha ya yasiyoguswa. John Allen, yule mjenzi maarufu wa reli za modeli wa Marekani, alikuwa na dinosau anayevuta mabehewa na wote mnamsujudia. Huo si unafiki?

Mwandishi: Swali zuri, ingawa umeliuliza kwa ngumi. Kweli, kwenye Gorre & Daphetid yake ndiyo reli yake ya modeli, kulikuwa na dinosau wa aina ya stegosaurus aitwaye Emma, kazi yake kupanga mabehewa. Sasa mtazame alikosimama. Mbao zimefifia, vyuma vina kutu, na milima imepanda hadi juu ukutani. Utani wa Emma ulifanya kazi kwa sababu kila kilichomzunguka kilikuwa makini. Weka dinosau kwenye reli ambayo tayari ina kichwa cha mvuke, treni ya mwendokasi na ngome vyote mezani pamoja, hakuna atakayecheka. Ataonekana mmoja wao.

Fundi Gundi: Kwa hiyo utani mmoja ruksa.

Mwandishi: Mmoja ruksa. Ukiwa na mitatu hiyo ni sarakasi, na sarakasi nayo ni mandhari halali, ila iandike kwenye hatua ya 3.

Njia Nyembamba: Mimi natumia OO. Kuna jamaa kaniambia reli yangu ni ya uongo kwa vipimo, nikashindwa kumjibu. Ni kweli?

Mwandishi: Ni kweli, na usione haya. OO ni 1:76, lakini inakwenda juu ya geji, yaani upana kati ya reli mbili, ya milimita 16.5, ileile ya HO. Geji ya kawaida ya ukweli ni milimita 1,435. Yako ukiikuza inakuwa kama 1,257. Umepungukiwa karibu sentimita 18. Wapo Waingereza wanaotengeneza reli zao za milimita 18.83 ili wasidanganye hapo, na kazi yao ni ya kuvuliwa kofia. Kipimo cha O cha Marekani kinakosea upande wa pili: 1:48 juu ya geji ya inchi 1.25 inatoa futi 5 kamili, pana kuliko inavyotakiwa. Watu wengi sana wamekubaliana kudanganya mahali pamoja ili treni zao zipite kwenye reli za wenzao. Mwambie jamaa yako hivyo, kisha muulize kona yake ina nusukipenyo gani.

Stesheni Kuu: Naomba ramani ya reli. Nina meza.

Mwandishi: Ukubwa gani? Kipimo gani? Mwaka gani?

Stesheni Kuu: Meza ya kawaida.

Mwandishi: Basi jenga reli ya kawaida.

Stesheni Kuu: Mkuu mbona ukali? Nimeuliza tu.

Mwandishi: Pima meza, rudi, tutachora pamoja. Sijakufukuza.

Mlinzi wa Mkiani: Naweza kuchanganya mahali halisi na pa kubuni?

Mwandishi: Unaweza. Miniatur Wunderland, maonyesho makubwa ya reli za modeli ya Hamburg, Ujerumani, yaliyofunguliwa 2001, ina mji wa kubuni uitwao Knuffingen na ina Hamburg yenyewe, vyote chini ya paa moja. Weka kitu cha kuvitenganisha, ukuta, mlima au kona, ili jicho lisivione kwa pamoja.

Taruma: Narudi tena, samahani. Mabehewa yangu matupu yanaruka reli kwenye swichi. Niongeze uzito? Au uzito nao uwe wa kweli kwa kipimo?

Mwandishi: Usiombe samahani, hili nilipaswa kuliweka juu. Uzito ni mahali pa kudanganya bila aibu. Behewa tupu la futi 40 lina tani 20 hivi. Uzito unapungua mara 87 kwa urefu, mara 87 kwa upana, mara 87 kwa kimo, kwa hiyo modeli ingekuwa na gramu 30. Litapeperuka. Pendekezo la NMRA, chama cha wajenzi wa reli za modeli cha Marekani, kwa HO ni gramu 28, kisha gramu 14 kwa kila inchi ya urefu. Behewa la inchi 6 linakuwa gramu 112. Kwa kipimo hicho ni tani 74, yaani behewa letu tupu lina uzito wa lililojaa. Na linakaa relini.

Mlinzi wa Mkiani: Mimi naweka nati za chuma ndani.

Mwandishi: Sawa, ila ziwe chini kabisa na katikati. Na kama viunganisho vyako hufunguliwa kwa sumaku iliyofichwa chini ya reli, chuma kitavutwa na behewa litasogea lenyewe.

Fundi Gundi: Madini ya risasi je? Ninayo ya punje, nataka niimwagie gundi nyeupe ya mbao.

Mwandishi: Risasi ni nzuri, nzito na haishikwi na sumaku. Hiyo gundi usitumie. Baada ya muda inaila risasi, risasi inavimba, na siku moja unakuta behewa limepasuka ubavu. Tumia epoksi, na unawe mikono kabla ya kula.