Kabla ya kuweka intaneti kwenye zahanati ya kijijini

Mkataba usisainiwe kabla mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, na wenzake hawajaorodhesha kazi ambazo mtandao utafanya, na saa zake. Takwimu za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) kwenda DHIS2, mfumo wa kompyuta unaozikusanya, zinaweza kusubiri hadi jioni. Kuhakiki bima wakati mgonjwa amesimama dirishani hakusubiri. Kwa kituo chenye eksirei, kutuma picha kwa daktari bingwa wa mionzi ndiko kunakobana zaidi: picha ya megabaiti 20, kwa kasi ya kupakia ya megabiti 1 kwa sekunde (megabaiti moja ni megabiti nane), huchukua karibu dakika tatu ikiwa mtandao haukatiki. Matangazo hutaja kasi ya kupakua, basi nyie ulizeni ya kupakia, na iandikwe kwenye mkataba.

Pimeni wenyewe. Pimeni jioni wanakijiji wakiwa kwenye simu, pimeni mvua ikinyesha, na pimeni ndani ya chumba cha kujifungulia, kwa sababu mabati hudhoofisha mawimbi. Antena iliyofungwa nje na kuelekezwa mnarani mara nyingi husaidia pale ambapo bando kubwa halisaidii. Laini ya akiba ni lazima, lakini chunguzeni mnara wake: mitandao kadhaa hukodi mnara mmoja, na ukizimika huzimika yote.

Umeme ndio unaoangusha kazi hii, na naomba usipuuzwe. Ruta ya wati 12 ikiwaka saa 24 hula karibu wati-saa 290. Dishi la setilaiti za karibu na dunia, lenye wati 50 hadi 75, hula wati-saa 1,200 hadi 1,800. Nunueni sola na betri kwa hesabu hiyo, tena mkifikiria siku za mawingu. Msiunge ruta kwenye sola ya jokofu la chanjo, hata kwa siku moja. Majokofu mengi ya sola hayana betri; yakipungukiwa umeme joto hupanda, na chanjo iliyoharibika mara nyingi haijulikani kwa kuitazama.

Kila mtumishi awe na nywila yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inazigusa taarifa za wagonjwa pia. Vitabu vya MTUHA viendelee kujazwa. Gharama ya kila mwezi iingie kwenye bajeti ya kituo mapema, maana wafadhili huondoka. Na mhudumu wa zamu ya usiku awe na namba ya fundi, na awe ameonyeshwa kwa vitendo namna ya kuhamia laini ya pili.