Umerudi Kisumu, gari halisongi: kubadilisha kebo za handibreki uani

Umetua Kisumu Desemba, umesalimia wazee, umebadilisha betri iliyokufa, na gari limewaka. Unatia gia, linainama kidogo na kubaki palepale. Uliliegesha Januari ukavuta handibreki kama ulivyofundishwa, ukaenda zako. Mvua za masika zikafanya kazi yake.

Kebo ya handibreki ni waya wa chuma uliosokotwa, unaoteleza ndani ya ganda. Kimpira cha mwishoni kikichanika maji huingia, kutu huvimba, waya ukashikana na ganda lake. Unashusha leva, lakini magurudumu ya nyuma hayana habari. Wakati mwingine mambo huwa kinyume: leva inapanda mpaka mwisho na gari bado linateremka. Kwa sisi tunaopanda kilima cha Riat kuelekea Vihiga, hilo si la kungoja mwakani. Si kila gari lina utingo wa kuruka na jiwe mkononi.

Kwanza hakikisha mkosaji ni kebo. Huenda ni breki shuu tu, vile vipande vilivyopinda vinavyosimamisha gurudumu, zimegandia kwa kutu kwenye dramu, kopo la chuma linalozifunika, na nyundo chache za taratibu zikaziachisha. Legeza nati ya kurekebishia iliyo chini ya leva, ingia chini ya gari likiwa limeinuliwa salama, uvute kila kebo kwa mkono. Nzima huteleza na kurudi. Mbovu hukaidi.

Spea nunua Kenya. Mimi niliwahi kubeba jozi kwenye begi kutoka Leeds, nikijisifu kwa bei niliyopata, kumbe zilipungua shubiri nzima. Toyota Probox na Fielder zilizojaa barabara zetu zilitengenezewa soko la Japani, na Corolla ya huko uliko haina lazima ya kufanana nazo kwa chini. Mpe muuzaji namba ya chesi iliyo kwenye logibuku, si jina la gari. Zikikosekana Kisumu, maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, huzituma kwa shatoli, zile matatu za safari ndefu. Agiza ya kushoto na ya kulia pamoja, kwa sababu zimekula mvua ileile. Zikifika, pima mpya dhidi ya kuukuu kabla ya kuifunga.

Sasa kazi. Kabari ziwe kwenye magurudumu ya mbele, mbele na nyuma yake, kwa kuwa handibreki itakuwa chini. Upande wa Kano udongo mweusi humeza jeki, basi tandika ubao mpana. Gari likae juu ya stendi za chuma. Tofali hupasuka bila kukuaga.

Toa gurudumu, kisha dramu. Likikataa, magari mengi ya Toyota yana matundu mawili yenye nyuzi usoni mwa dramu: ingiza bolti za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, litasukumwa nje. Vumbi la ndani usilipulize, lifute kwa kitambaa chenye maji, maana si la kuvuta puani. Piga picha ya springi zote. Shughulikia upande mmoja hadi uishe, ili ule mwingine ukukumbushe kipi kilikaa wapi.

Chomoa kichwa cha kebo kwenye mkono wa breki shuu. Kisha inakuja sehemu inayowatoa watu jasho: kebo hushikwa kwenye bamba la nyuma kwa vidole vya chuma vilivyotanuka. Usihangaike navyo kwa koleo, kimoja baada ya kingine. Mara nyingi spana ya duara namba 12 ikisukumwa juu yake huvibana vyote kwa pamoja, na kebo inatoka. Kebo mpya ipitie njia ileile na vishikizo vilevile. Ikining'inia karibu na bomba la moshi itaungua.

Watu wengi hukosea kwenye kurekebisha. Wanakaza nati ya leva hadi gari lishike, ilhali shuu ziko mbali na dramu. Anza na kigurudumu chenye meno kilicho kati ya shuu, mpaka gurudumu lizunguke kwa mkwaruzo hafifu sana. Kanyaga breki mara kadhaa, ndipo uende kwenye leva. Ukivuta leva ukihesabu milio yake ya "tik", magari mengi hushika kati ya mlio wa 5 na wa 9. Kitabu cha gari ndicho hakimu. Leva ikiwa chini, magurudumu yote mawili yazunguke bila kuvutwa.

Gari lenye kitufe badala ya leva usiliguse kwa maelezo haya, lina mota zake.

Kama uko mbali na fundi ndiye anayefanya, kabla ya salio la M-Pesa aitishwe vitu viwili: picha ya kebo kuukuu na mpya zikiwa sambamba, na video ya magurudumu ya nyuma yakizungushwa kwa mkono, leva chini kisha juu. Anayejua kazi yake hakasiriki.

Ukisafiri tena, egesha mahali tambarare, gia iwe P au ya kwanza, leva chini, kabari kwenye magurudumu. Funga kitambaa kwenye usukani, ili shemeji akija kulichukua akumbuke kuziondoa.