Somo: Kuupanda mlima wa Mombo–Lushoto kwa baiskeli ya lami, ukitokea Dar

Mwendesha baiskeli wa Dar anaweza kwenda Bagamoyo na kurudi bila kushuka, kisha akaisukuma baiskeli kabla hajaiona Soni, iliyo kama nusu ya njia ya kwenda Lushoto. Mara nyingi miguu haina kosa. Alikwama tangu Dar, siku fundi alipomwambia gia alizonazo zinatosha.

Hatua ya 1: Isome njia, usisome wastani

Mombo iko kwenye barabara kuu ya Segera–Moshi, zaidi kidogo ya mita 400 kutoka usawa wa bahari. Lushoto inakaribia mita 1,400. Katikati kuna lami ya kama kilomita 33. Gawanya, utapata mwinuko wa asilimia 3, na hiyo ndiyo namba inayowaponza watu. Sehemu kubwa ya kupanda imerundikwa kati ya Mombo na Soni, ambayo ni kama nusu ya njia. Kuanzia Soni barabara inapoa, mlima unakupa nafasi ya kuhema.

Kwa hiyo fungua ramani kwenye simu na uisome kilomita moja moja. Kilomita inayopanda mita 60 ni asilimia 6, inayopanda mita 80 ni asilimia 8. Andika namba hizo kwenye karatasi ndogo na uibandike kwa selotepu juu ya bomba la fremu. Programu ikikuonyesha ghafla asilimia 18 kwenye kona, usishtuke: barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, na mstari ukihama mita chache tu programu inapima ukingo wa juu badala ya lami.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya gia kabla ya kununua kitu chochote

Hapa tutakaa kidogo. Mtu wa kilo 70 akiwa na baiskeli, maji na vifaa anafika kilo 82 hivi. Akitoa wati 180, ambazo mtu wa mazoezi ya kawaida anazimudu kwa muda mrefu, kwenye asilimia 8 atakwenda kama kilomita 9 kwa saa. Hiyo ni mita 150 kwa dakika.

Sasa chukua meno ya mbele, gawanya kwa meno ya nyuma, zidisha kwa mita 2.1 (mzingo wa tairi). Utapata umbali wa mzunguko mmoja wa pedeli:

39 kwa 25: mita 3.28, mizunguko 46 kwa dakika.
34 kwa 28: mita 2.55, mizunguko 59.
34 kwa 32: mita 2.23, mizunguko 67.

Chini ya mizunguko 55 magoti ndiyo yanayobeba mzigo. Baiskeli nyingi za mtumba zinazoingia mjini zina 39 mbele na 25 nyuma. Kigamboni ni tamu, Mombo ni adhabu. Tafuta 34 kwa 32, na usione haya kwenda 34 kwa 34 kama mkono wako wa gia wa nyuma (kile kifaa kinachohamisha cheni) unaikubali.

Hatua ya 3: Mazoezi Dar

Vilima vya Pugu na Kisarawe ni vifupi, ila ndivyo tulivyonavyo. Tokea Gongo la Mboto alfajiri ya Jumapili, chagua kipande kimoja, ukipande mara 6 hadi 8 ukiwa umekaa, bila kusimama kwenye pedeli. Kinachokosekana Pugu ni muda: hakuna kilima kitakachokubana dakika 40 mfululizo. Muda huo utaupata kwenye upepo. Kati ya Juni na Agosti kusi inavuma. Vuka Daraja la Nyerere, elekea kusini, kaa na upepo usoni dakika 20 kwa nguvu ile ile, pumzika 5, rudia. Wiki 6 za namna hii, mara mbili kwa wiki, zinatosha.

Hatua ya 4: Baiskeli kwenye basi

Mabasi ya kaskazini yanaondokea Kituo cha Magufuli, Mbezi Louis. Toa gurudumu la mbele na pedeli zote mbili. Pedeli ya kushoto inafunguliwa kinyume, yaani kwa kuzungusha spana kufuata saa. Wengi wameharibu nyuzi hapo. Fungua mkono wa gia wa nyuma kwenye fremu, ufunge na kitambaa ndani ya fremu pamoja na cheni. Kama breki ni za diski za mafuta, chomeka kipande cha kadibodi ngumu kati ya padi, maana mtu akiuminya mkono wa breki wakati gurudumu halipo, padi zinabanana na gurudumu halirudi. Ilaze upande wenye cheni ukiwa juu.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Lala Mombo. Anza saa 12 na nusu asubuhi, kabla joto la bondeni halijaamka na kabla Fuso za mboga hazijaanza kushuka kwa wingi. Panga saa 3 za kupanda. Beba chupa mbili za mililita 750, moja maji matupu, nyingine maji na chumvi kidogo na sukari. Kunywa mililita 500 hadi 750 kwa saa, hata kama hausikii kiu. Chakula ni gramu 40 hadi 60 za wanga kwa saa: ndizi mbivu moja ina kama 25, soda ya chupa inazidi 30. Kashata zinafaa, ila zivunjevunje mapema. Kutafuna kashata nzima huku unahema ni kazi ya pili.

Epuka masika. Machi hadi Mei mvua inalegeza ubavu wa mlima, mawe na tope vinadondoka kwenye lami. Juni na Julai pana ukungu na baridi huko juu, kwa hiyo kijakoti chepesi cha upepo si anasa.

Hatua ya 6: Kushuka

Kilo 82 zikishuka mita 1,000 zinaachia karibu kilojuli 800. Upepo unachukua sehemu yake, kinachobaki kinaingia kwenye breki kama joto. Ukizikalia breki muda wote, rimu inachemka, hewa kwenye tyubu inatanuka, na tairi linaweza kupasuka ukiwa kwenye kona. Minya kwa nguvu sekunde 2 au 3 kabla ya kona, zote mbili, achia, pinda, acha vipoe. Mikono iwe chini kwenye pembe za usukani, pedeli ya nje chini, macho kwenye mwisho wa kona. Usikate kona hata kama unaona iko wazi, bodaboda wanaokuja wanaikata vilevile.

Upepo wa tairi: kwa kilo 70, psi 80 hivi kwa tairi la milimita 25, na 70 kwa la milimita 28. Raba za breki ambazo mifereji yake imeshaisha zibadilishe Dar.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tabata): Mkuu, nina 39/53 mbele na kaseti (gia za nyuma) ya 25. Naweza kuweka 34 mbele nikaacha nyuma ilivyo?

Jibu: Pima kwanza mduara wa bolti za gia za mbele. Zikiwa kwenye milimita 130, ndogo kabisa inayokaa ni 38, huna ulichopata. Zikiwa 110, 34 inakaa. Kwa wengi ni nafuu kubadili kaseti, lakini mkono mfupi wa gia mara nyingi unaishia 28. Ukiweka 32 kwa mkono wa kati, jaribu gia kubwa mbele na kubwa nyuma ukiwa umesimama. Cheni ikikaza kama uzi wa gitaa, ni fupi. Ukiingia gia hiyo njiani itang'oa mkono.

Swali (Mbezi Beach): Nina rimu za kaboni, breki za raba. Nizitumie?

Jibu: Kupanda sawa, kushuka hapana kaka. Kaboni haitoi joto haraka kama alumini, na ukuta wa rimu unaweza kulainika. Azima za alumini, na kumbuka kubadilisha na raba zake.

Swali (Kinondoni): Vidole vyangu vifupi, nikishuka mikono inakufa ganzi.

Jibu: Dada, mikono mingi ya breki ina skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na usukani. Isogeze mpaka kidole cha kati kikunje kwenye kiungo cha kwanza, kisha kaza waya upya ili breki isiguse usukani. Ukishuka kutoka Lushoto usione aibu kusimama njiani. Simama Soni, kung'uta mikono, sikilizia harufu ya raba. Ikinuka, subiri dakika 10.

Swali (Ukonga): Hakuna namna ya kufanya mzunguko kamili bila kurudi njia ile ile?

Jibu: Ipo: Soni, Bumbuli, Dindira, unatokea Korogwe. Ila ina vipande vya udongo, na mvua ikinyesha vinakuwa sabuni. Tairi la milimita 40 kwenda juu, tyubu 2 za akiba na kipande cha tairi kuukuu cha kuziba mpasuko. Halafu kuanzia Korogwe hadi Mombo uko barabara kuu na mabasi ya Arusha. Kipande hicho tunashauri mpakie baiskeli kwenye gari.