Kurudisha Mikoko Ili Ihifadhi Hewa ya Ukaa

Mikoko hufyonza hewa ya ukaa kama miti mingine, lakini sehemu kubwa ya kaboni ya msitu wake haimo shinani wala majanini, bali imezikwa katika matope meusi, ambako oksijeni ni haba na mizizi iliyokufa huoza polepole mno. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulinda mikoko iliyosimama, kwa sababu ikifyekwa na matope yakachimbuliwa au kukaushwa, kaboni iliyokusanyika kwa karne nyingi huanza kurudi angani, na miche mipya haiwezi kuifidia kwa miaka michache.

Kabla ya kuleta mche hata mmoja, kagua mahali ambapo mikoko imekufa. Nenda wakati wa bamvua, maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida, uone maji yakijaa yanafika wapi, kisha urudi yakipwa uone yanatuama wapi. Ukikuta mkondo umezibwa na mchanga au tuta la barabara, uzibue kwanza, maana maji yakipita sawasawa na miti mizazi ikiwa karibu, mbegu huletwa na maji yenyewe na kuota bila kupandwa.

Pasipoota, panda kwa kufuata ukanda wa kila aina: mlilana upande wa bahari, mkoko wenyewe (aina inayoitwa hasa kwa jina hilo) katikati penye matope laini, mkandaa juu zaidi kuelekea nchi kavu. Mbegu ya mkoko huchipua ingali mtini, ikarefuka na kuning'inia. Iliyokomaa huonyesha pete ya manjano karibu na kichwa, na ukiigusa hujiachia. Inayong'ang'ania iache. Iliyojiachia ichomeke wima, ncha iliyochongoka ikiwa chini, theluthi yake ndani ya matope, na uache nafasi ya mita moja hadi inayofuata.

Baada ya mwaka, hesabu miche iliyo hai, wala usitosheke na idadi iliyopandwa siku ya sherehe. Hiyo haisemi lolote kuhusu kaboni.

Fikiria pia kuni na boriti. Huko Gazi, Kaunti ya Kwale nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja, uliozinduliwa mwaka 2013 na unaouza hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, ulipanda mivinje nchi kavu ili wanakijiji wasilazimike kukata mikoko. Mivinje ya namna hiyo ipandwe mapema, kabla ya kuwazuia watu kuingia na mapanga.